Everton Wanakuja Dar: Historia ya Klabu Iliyohama Nyumba ya Kupanga



Alhamisi ya tarehe 13 Julai 2017, timu ya Everton ya Uingereza itacheza na Gor Mahia ya Kenya kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Ni mechi ya kirafiki ya kujiandaa na msimu mpya. Kwa maelezo ya waandaaji, itakuwa mara ya kwanza kwa klabu ya Ligi Kuu ya England kucheza katika ardhi yetu. Kamati imekodi Coaster mbili za kuwachukua ndugu zetu kutoka Marui, na kinachobaki katika nauli kitaingia kwenye mfuko wa mwaka huu. Sisi wa upande wa fedha tumeombwa tuandike kurasa chache kueleza Everton ni nani hasa, maana wengi waliokwisha kulipa wametuuliza swali hilohilo: kwani hawa nao ni timu kubwa?

Swali ni la haki. Kwenye vibanda umiza vya kwetu, kuanzia Maneromango mpaka Kisarawe mjini, jezi zinazoonekana ni za Manchester United, Arsenal, Chelsea na Liverpool. Mtu huwaona Everton siku wanapocheza na timu yake, akishinda anasahau kama walikuwepo. Hata hivyo msimu uliopita walimaliza nafasi ya saba kwenye ligi, na mshambuliaji wao Romelu Lukaku alifunga mabao 25. Tangu waliporudi daraja la juu mwaka 1954 hawajashuka tena, na hakuna klabu ya England iliyocheza misimu mingi katika daraja hilo kuwashinda. Ubingwa wa nchi wameuchukua mara 9, Kombe la FA mara 5.

Lakini si makombe yaliyotufanya tuombe kurasa zaidi kwenye kijarida hiki. Ni habari ya uwanja.

Everton ni jina la mtaa wa mjini Liverpool, kama Temeke ilivyo ya Dar es Salaam. Mwaka 1878 katika mtaa huo palikuwa na kanisa la Kimethodisti la St Domingo, ambalo vijana wake walicheza kriketi wakati wa kiangazi. Baridi ikija walikosa la kufanya, wakaanzishiwa timu ya mpira wa miguu. Haukupita muda vijana wengine wa jirani, wasiosali pale, nao wakataka kucheza. Ikaonekana si vizuri timu ya watu wote iitwe kwa jina la kanisa moja, na mwaka 1879 wakaibadilisha jina, wakaiita Everton. Walicheza Stanley Park, bustani ya umma isiyo na ukuta wala kiingilio. Vifaa vyao vilikuwa kama vya kwetu: miti ya magoli ilibebwa kwenda na kurudi.

Mwaka 1884 wakapata uwanja wenye uzio ambapo wangeweza kutoza kiingilio. Uwanja huo uliitwa Anfield.

Ndiyo, Anfield hii hii. Ndugu zetu mashabiki wa Liverpool tunawaomba wavumilie, yako mengine mbele.

Eneo lilikuwa la mtengeneza bia mmoja, John Orrell. Mwaka uliofuata likanunuliwa na mtengeneza bia mwingine, John Houlding, mwanasiasa wa mji na kiongozi mkuu wa Everton yenyewe. Houlding alikuwa ameisaidia sana klabu, hilo halina ubishi. Bila yeye huenda Everton wangebaki kwenye bustani. Ila sasa alikuwa amevaa kofia mbili, ya kiongozi wa klabu na ya mwenye nyumba wake. Wachezaji walibadilishia nguo kwenye hoteli yake iliyoitwa Sandon, na vinywaji uwanjani vilikuwa biashara yake. Kodi ilianza pauni 100 kwa mwaka. Mwaka 1888 Everton wakawa miongoni mwa klabu 12 zilizoanzisha Ligi ya England, watu wakajaa, na kufikia msimu wa 1889/90 kodi ilikuwa imefika pauni 250. Mwaka 1891 wakawa mabingwa wa nchi kwa mara ya kwanza, wakiwa wapangaji.

Sisi tunaoshinda na vitabu vya hesabu jambo hili tunalielewa haraka. Timu ikifungwa, hasara ni ya wanachama. Timu ikishinda, mlangoni fedha zinaongezeka, na mwenye nyumba anaona kodi ni ndogo. Ushindi wa mpangaji unapandisha thamani ya mali ya mtu mwingine. Ukichukua mizania ya klabu ya namna hiyo, upande wa mali utakuta mipira, jezi na fedha taslimu kidogo, basi. Ardhi haimo.

Houlding akapendekeza klabu iwe kampuni na inunue eneo lake, pamoja na kipande cha jirani kilichokuwa cha Orrell. Wanachama waliona bei ni ya kuwaumiza. Wakavutana miezi mingi. Aliyesimama mbele ya upande wa wanachama alikuwa George Mahon, mpiga kinanda wa kanisa lile la St Domingo, na kwa kazi yake alikuwa mhasibu. (Msituulize kwa nini tumempenda.) Inasimuliwa kuwa katika mkutano wa Januari 1892, Mahon aliposema klabu ihame, mtu mmoja akapiga kelele kwamba hawatapata uwanja mwingine. Mahon akajibu kuwa anao mfukoni. Na kweli alikuwa nao: alikuwa amekwisha kufanya mapatano ya maandishi juu ya shamba moja upande wa pili wa Stanley Park, ambayo yaliipa klabu nafasi ya kupanga na baadaye kununua.

Shamba lenyewe halikuwa na sura ya uwanja. Lilikuwa na mashimo, likahitaji kusawazishwa na kutolewa maji. Daktari mmoja, mwanachama, James Baxter, akatoa pauni 1,000 bila riba. Klabu ikaandikishwa kuwa kampuni, hisa zikauzwa kwa wanachama, majukwaa yakajengwa, na tarehe 24 Agosti 1892 uwanja ukafunguliwa kwa jina la Goodison Park. Kutoka Anfield ni mwendo wa kuvuka bustani tu. Miaka michache baadaye waliinunua ardhi yote kwa pauni zaidi ya 8,000, na toka siku hiyo hakuna aliyewapandishia kodi. Mwaka huu wa 2017 bado wako hapo, miaka 125 inatimia mwezi ujao.

Houlding alibaki na uwanja usio na timu. Akaunda timu mpya ili uwanja usikae bure, na timu hiyo ndiyo Liverpool. Kwa hiyo mashabiki wa Liverpool wa Marui, mkiulizwa asili yenu, jibu la kweli ni kwamba mlizaliwa kutokana na mzozo wa kodi ya pango, na kwamba kombe la ubingwa liliwahi kukaa Anfield kabla timu yenu haijakuwepo. Utani huo tunautoa bure, utawafaa ndani ya Coaster.

Historia iliyofuata Goodison ni ndefu, tutagusa machache. Msimu wa 1927/28 mshambuliaji wao Dixie Dean alifunga mabao 60 ya ligi katika mechi 39, rekodi ambayo England haijapata mtu wa kuivunja. Mwaka 1966, Kombe la Dunia lilipochezwa Uingereza, Goodison ilipewa mechi 5, na pale ndipo Eusébio, kijana aliyezaliwa jirani zetu Msumbiji akichezea Ureno, alipowafunga Brazil mabao mawili. Siku nne baadaye, katika robo fainali, Korea Kaskazini waliongoza 3-0. Eusébio akafunga manne peke yake na Ureno ikashinda 5-3. Miaka bora ya Everton wenyewe ilikuwa ya 1980: ubingwa wa 1985 na 1987, na Kombe la Washindi la Ulaya la 1985. Baada ya hapo wamepata Kombe la FA la 1995, kisha ukame. Lile jengo la mnara mnaloliona kwenye nembo yao lilikuwa mahabusu ndogo ya mtaani, iliyojengwa 1787, ya kuwalaza walevi mpaka asubuhi.

Sasa tuje kwa nini wanacheza na Gor Mahia na si na sisi.

Mwezi Juni kampuni ya SportPesa, ambayo mwaka huu imeweka jina lake kwenye jezi za Everton na pia za Simba na Yanga, iliandaa mashindano Uwanja wa Uhuru: timu nne za Tanzania, nne za Kenya, na bingwa apewe Everton. Simba walitolewa na Nakuru All Stars kwa penalti. Yanga walitolewa na AFC Leopards kwa penalti. Singida United na Jang'ombe Boys walikuwa wameshatangulia. Fainali tarehe 11 Juni ikawa ya Wakenya watupu, hapa hapa kwetu, Gor Mahia wakashinda 3-0. Hatuna la kuongeza. Tuseme hili moja tu: SportPesa ni kampuni ya kubashiri matokeo, fedha zake zinatoka mifukoni mwa wanaobashiri, wakiwamo vijana wetu, na kwa hesabu yoyote ile mwenye mchezo ndiye anayebaki na faida. Mechi njooni muione. Tiketi za kubashiri acheni.

Wenyeji wa kaskazini hao wana historia inayotugusa kuliko ya Everton. Wajaluo waliotoka kwao kwenda kufanya kazi Nairobi, Mombasa, Kampala na hata huku kwetu Tanganyika walikuwa na chama chao cha kusaidiana, Luo Union. Kilishughulika na yale yale tunayoshughulika nayo sisi: msiba, ada za watoto, mgeni aliyeshuka mjini hana pa kulala. Oginga Odinga aliwahi kukiongoza. Chama hicho kilikuwa na timu ya mpira, na mwaka 1968 timu hiyo ikaungana na Luo Stars ikazaliwa Gor Mahia. Mwaka 1987 Gor wakachukua Kombe la Washindi la Afrika kwa kuwazidi Espérance ya Tunisia kwa bao la ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya, Tanzania au Uganda iliyowahi kutwaa kombe la Afrika. Simba walifika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 wakaishia hapo. Pamoja na ukubwa wote huo, Gor hawana uwanja wao. Simba na Yanga nao, ukiondoa majengo yao ya Msimbazi na Jangwani, wanacheza ligi kwenye viwanja vya serikali.

Alhamisi hiyo, basi, mtaziona timu mbili zilizoanzishwa na watu wa kawaida waliojichangisha. Moja inarudi nyumbani kwake, nyingine inarudi kutafuta uwanja wa kuazima.

Na sisi je?

Wengi wenu mlicheza kwenye uwanja wetu wa Marui, kwa mpira wa makaratasi na kamba za migomba, mkisubiri wakubwa wamalize ndipo mpewe nafasi. Hapo zimechezwa ligi za mbuzi, hapo imefanyika mikutano ya kijiji na kampeni za kila chama, hapo watoto wa shule hufanyia michezo, na ngoma zimelala hapo hadi kukicha. Eneo lile lilitolewa kwa mdomo na mzee wetu mmoja zamani, kwa moyo mweupe, bila karatasi. Mzee ametangulia mbele ya haki. Warithi wake ni watu waungwana, hawajamfukuza mtu. Lakini mnajua hali ilivyo. Dar es Salaam imeshapita Pugu na Kiluvya, inakuja. Mashamba ya mikorosho yanakatwa vipande, bikoni zinapandwa, na mtu mwenye gari anateremka na fedha mkononi. Warithi wameshafuatwa zaidi ya mara moja.

Tumekaa nao. Wamekubali kuliuza eneo kwa chama kwa bei iliyo chini ya ile wanayopewa na wageni, na tumeandikishiana mbele ya viongozi wa kijiji kwamba watatusubiri hadi tarehe 31 Desemba mwaka huu. Baada ya hapo wako huru. Tukilipa, ardhi haitakuwa ya chama wala ya kamati. Itapelekwa mkutano mkuu wa kijiji iandikwe kuwa ya matumizi ya umma chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ipimwe, na hati itunzwe ofisi ya kijiji. Tumesisitiza hilo kwa sababu ya Houlding: hatutaki baadaye mmoja wetu avae kofia mbili. Makisio yote, bei, upimaji, kusawazisha, magoli ya chuma, yamo ukurasa wa mwisho.

Wapo wazee waliotuambia kwenye kikao cha Aprili kwamba fedha hizi zingeezeka zahanati. Hoja yao ni nzito na haikupuuzwa. Mabati yale ni ya kweli na mvua ni ya kweli. Kilichotushinda ni tarehe. Kiwanja cha zahanati ni cha kijiji, kina mipaka, hakuna wa kukiuza, na paa likichelewa mwaka mmoja bado patakuwa na mahali pa kuliweka. Uwanja ukiuzwa Januari, hata tukija na mara tatu ya fedha hizi mwaka 2019 tutamkuta mtu ameshajenga ukuta. Waliopinga walikubali kwa sharti kwamba zahanati iwe ya kwanza mwakani, na sharti hilo limeandikwa kwenye muhtasari.

Mpaka tunapeleka kijarida hiki kwa mchapaji, tumekusanya chini kidogo ya nusu. Michango mikubwa ni michache. Iliyo mingi ni ya elfu tano na elfu kumi, tena mingi kutoka kwa akina mama wanaouza Gongo la Mboto na Buguruni, ambao hawakuwahi kucheza hata siku moja kwenye uwanja ule, ila walisimama pembeni wakiuza vitumbua. Bado tunamtafuta Dk. Baxter wetu. Mkopo usio na riba tutaupokea kwa mikono miwili na kuuandikia mkataba.

Turudi kwenye mechi. Kocha wa Everton mwaka huu wa 2017 ni Ronald Koeman, Mholanzi aliyewahi kuwa beki hodari wa Barcelona. Mtazameni Idrissa Gueye, Msenegali mfupi wa katikati. Mpira ukipotea yeye ndiye wa kwanza kuufuata, na kijana wa Marui anayejiona mdogo wa umbo ana la kujifunza kwake. Leighton Baines, beki wa kushoto, hupiga mipira iliyokufa vizuri sana. Kipa mpya ni Jordan Pickford. Yannick Bolasie, anayechezea DR Congo, ameumia kwa muda mrefu, msimtarajie. Lukaku kuna tetesi anaondoka. Magazeti pia yanasema Wayne Rooney, aliyekulia Everton na kuondoka mwaka 2004 akiwa bado kijana, huenda akarudi; likitimia kabla ya safari, nafasi za Coaster zitakwisha siku hiyo hiyo, kwa hiyo aliyeweka jina bila kulipa asije kutulaumu.

Kwa upande wa Gor, mtazameni Jacques Tuyisenge, Mnyarwanda, anayeongoza mashambulizi. Tukumbushane pia kuwa wageni wakubwa si wageni kwetu. West Bromwich Albion walizuru Afrika Mashariki mwaka 1968, muda mfupi baada ya kuwafunga hawa hawa Everton kwenye fainali ya Kombe la FA. Brazil nao walipita Dar tarehe 7 Juni 2010 wakienda Kombe la Dunia Afrika Kusini, wakatufunga 5-1, na bao letu la Jabir Aziz bado linasimuliwa. Kwa hiyo hakuna sababu ya Gor kuogopa, na hakuna sababu ya sisi kutowashangilia. Jirani ni jirani, hata akikunyang'anya kombe nyumbani kwako.

Coaster zitaondoka uwanjani Marui saa 3 asubuhi kamili. Barabara mnaijua, na foleni ya Gongo la Mboto mnaijua. Nauli na michango vinapokelewa na mweka hazina wa kila tawi, na kila shilingi itolewe risiti, hata kama anayepokea ni shemeji yako.